Bastola Mbili, Kosa Moja

Ellery, Missouri
6 Oktoba 1985

Shangazi Marlys mpenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na ng'ombe wako wote kumi na wawili. Sisi huku hatujambo, hatujambo kabisa, hatujambo kupita kiasi! Leo ni siku ya ishirini na tisa tangu niitwe Bi. Prather, na kila asubuhi nikifungua macho namkuta Wendell palepale, nywele zimesimama kama za kifaranga aliyenyeshewa, nami nacheka peke yangu mpaka anaamka na kuuliza, "Kuna nini tena?" Namwambia, "Hakuna. Upo tu."

Baba alinipa zawadi yako siku ya harusi. Nilipofungua lile sanduku la mbao na kuiona bastola yako yenyewe, ile uliyopigia miaka yote katika timu ya jimbo la Iowa, nililia hadi wanja ukanishuka shavuni na picha zote za harusi zikaniharibikia. Baba alisema umeshindwa kuja kwa sababu ya ng'ombe. Basi, sawa. Ng'ombe ni ng'ombe.

Sasa sikia jambo tamu. Unajua Wendell ni fundi bastola, ana karakana yake nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ameamua kunitengenezea bastola ya mashindano kwa mikono yake, iwe zawadi yake ya ndoa. Mume mwingine angeninunulia mkufu. Wangu ananisugulia kifyatuo! Kwa hiyo nitakuwa na mbili, yako na yake, nitazilinganisha msimu wote wa baridi, na itakayonikaa vizuri mkononi ndiyo nitakayokwenda nayo kwenye mashindano ya jimbo mwezi Juni.

Shangazi, nataka kuingia timu ya Missouri. Nataka sana, nataka kama wewe ulivyotaka. Wanachukua watu wanne tu kwenda mashindano ya taifa huko Ohio. Mwaka jana wa nne alipata alama 858 kati ya 900, na mimi Aprili huko kwetu nilipata 861, unakumbuka. Nikipiga kama nilivyozoea, naingia.

Pete yangu ilikuwa ya bibi yake Wendell, dhahabu nene, pana kama mkanda. Nimemwapia kwamba sitaivua hata nikikanda unga.

Wako akupendaye,
Signe


Decorah, Iowa
15 Oktoba 1985

Signe,

Barua nimeipata. Ng'ombe ni kumi na mmoja sasa, yule mwenye pembe moja nimemuuza. Baba yako amenunua mashine mpya ya kufunga nyasi na anaizungumzia kanisani kuliko mchungaji anavyomzungumzia Mungu. Mapacha wa binamu yako Torunn wameota meno.

Kulinganisha bastola mbili si kama kulinganisha wachumba. Mchumba utamtazama. Bastola utaipiga. Zote siku moja, risasi za boksi moja, kumi za hii kisha kumi za ile. Kabla ya kupiga, shika bastola, nyosha mkono, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Kama kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya kile cha nyuma bila wewe kukisogeza, huo mpini ni wako. Kama unalazimika kukirudisha, huo mpini ni wa mtu mwingine, hata uwe mzuri namna gani. Sisi akina Tollefson ni mashoto, na mafundi huchonga kwa mikono yao ya kulia. Mwangalie huyo wako.

Mbao za mpini wangu zisiguswe. Nilizichonga kwa miaka kumi na moja, kila mwaka nikitoa unga usiojaa kijiko.

Hujaniambia umepata alama ngapi tangu uhamie huko.

Marlys


Ellery, Missouri
24 Novemba 1985

Shangazi mpenzi,

Habari za huko na baridi? Huku tulikuwa na theluji siku mbili, Wendell akaandika jina langu kwenye theluji kwa koleo mbele ya nyumba, herufi kubwa hata rubani angesoma, kisha mbwa wa jirani akapita juu ya herufi ya G. Nilicheka nikakaa chini.

Bastola yake imekwisha! Ni nzuri, Shangazi. Amekaza kila kiungo, ukiitikisa sikioni husikii kitu. Sehemu ya mbele ya mpini, vidole vinapopita, ameichora miraba midogo midogo inayong'ata ngozi kama ulimi wa paka, na upande wa kulia amenichongea kibao cha kupumzishia kidole gumba. Amekumbuka mimi ni mashoto! Aliupima mkono wangu kwa kuukandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wala sikumwambia aharakishe.

Nimezilinganisha kama ulivyosema. Yako ina kichwa kizito kidogo, ukiilenga inatulia kama kuku aliyelala. Yake ni nyepesi mbele na inarudi upesi kwenye shabaha baada ya teke la risasi. Kifyatuo chake ni laini, lakini chako, ah! Chako kinaachia kama bua kavu linalovunjika, hata hujui umebonyeza. Nikifumba macho nakuta kilengeo cha mbele kimeegemea chini kulia kidogo. Kidogo tu. Nadhani ni uchovu wa nyumba mpya.

Klabu hapa ni ya watu wazuri isipokuwa mmoja, Lonnie Struthers, mwuza matrekta, ambaye ndiye yule wa nne wa mwaka jana. Ananiita "Bi Harusi." Jumamosi aliniuliza mbele ya watu, "Bi Harusi, umekuja kupiga shabaha au kugawa keki?" Nikamwambia, "Keki imekwisha, Lonnie, umebaki wewe." Wakacheka mpaka mzee wa klabu akadondosha kahawa.

Nimejifunza kukaanga kambare kwa unga wa mahindi. Wendell amekula vipande sita.

Wako,
Signe


Decorah, Iowa
3 Desemba 1985

Signe,

Kambare sikukuuliza.

Nitumie karatasi za shabaha. Kumi za bastola yangu, kumi za bastola ya mume wako, matundu yake yakiwa wazi, usibandike kitu juu yake. Nyuma ya kila moja andika tarehe.

Torunn anakusalimu. Pembe Moja alirudi mwenyewe kutoka kwa mnunuzi, maili nne.

Marlys


Ellery, Missouri
12 Januari 1986

Shangazi yangu,

Heri ya mwaka mpya, na unisamehe kuchelewa. Nilizifunga karatasi zako mara mbili na mara mbili nikazitoa kwenye bahasha.

Sasa unazo mkononi, umeshaona. Sitajificha tena. Nilikuwa nikipiga 861. Tangu nije huku sijavuka 825. Juzi nimepata 809, na bastola ni nzima, zote mbili. Matundu yanakimbilia chini kulia kama yameitwa chakula. Sikukwambia kwa sababu kila barua niliyoanza kukwandikia ilikuwa imejaa furaha, na furaha ile ni ya kweli, nikaona nikiongeza hili nitaitia doa.

Wendell anajilaumu yeye. Amechonga mipini mitatu tangu Krismasi. Wa kwanza ulikuwa mnene, wa pili mwembamba, wa tatu ameuinamisha kwa pembe ambayo ni yeye na Mungu wanaoijua. Amenyoosha kifyatuo, amekirudisha. Amepandisha kilengeo, amekishusha. Jana nilimkuta karakanani amekaa na bastola yangu magotini kama mtu aliyeuguliwa na mtoto. Akasema, "Signe, mimi watu wananiletea bastola kutoka majimbo sita. Kwa nini ya mke wangu mwenyewe inanishinda?" Nilimkumbatia na vumbi lote la mbao.

Klabu imeanza kuninong'ona. Lonnie amesema ndoa imenilegeza mkono. Hakulisema kwa utani, Shangazi, alilisema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

Miezi mitano imebaki. Nikikosa mwaka huu, mwakani wanaingia vijana wawili wa chuo wanaopiga 880 wakiwa usingizini. Ni sasa au basi. Niambie nina kosa gani. Niambie hata kama ni baya.

Signe wako


Decorah, Iowa
20 Januari 1986

Signe,

Nimezitandaza mezani jikoni siku tatu. Baba yako alikuja kunywa kahawa akainywa amesimama.

Bastola mbili zisizo ndugu haziwezi kukosea upande mmoja. Yangu imetengenezwa nikiwa msichana, yake imetengenezwa Novemba. Uzito tofauti, kifyatuo tofauti, mpini tofauti. Kosa lao moja. Kwa hiyo kosa si lao. Mume wako aache kuchonga, mbao za watu zitakwisha.

Karatasi zinasema unabana. Vidole viwili vya mwisho vinakamua mpini wakati wa kufyatua, na mashoto akikamua, risasi inakwenda chini kulia. Aprili ulikuwa hukamui. Nikajiuliza, mkono huu umebadilika nini kati ya Aprili na Oktoba? Haukukonda wala haukuvunjika.

Pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kushoto. Mtu wa mkono wa kulia haimgusi, mkono wake wa kupigia uko mtupu. Ndiyo maana fundi wako hakuiona, na klabu nzima haikuiona. Hawana haja ya kuijua. Wewe umevaa kipande cha dhahabu kipana kama mkanda baina ya kidole na mpini. Kila teke la bastola linakugonga mfupa, na mkono wako umejifunza kulisubiri lile pigo kwa kubana. Wewe mwenyewe hujui. Mkono unajua.

Vua pete.

Usiniulize najuaje.

Marlys


Ellery, Missouri
9 Machi 1986

Shangazi Marlys,

Natumaini hujambo, na ng'ombe, na Baba, na mashine yake.

Najua ni wiki saba. Nitakwambia ukweli: niliisoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta, nikaikunja, nikaificha ndani ya kopo la unga. Nilikukasirikia. Nilisema moyoni, huyu hakuja harusini, hakuniandikia hata neno moja la hongera, sasa ananiambia nivue pete. Nilisema maneno mengine pia, lakini nimeshayaombea msamaha kanisani, kwa hiyo sitayarudia.

Halafu Jumapili iliyopita Wendell aliamka kabla yangu akataka kunipikia mikate midogo ya asubuhi. Akaenda kwenye unga.

Nilimkuta ameketi na barua yako, vidole vyeupe. Nikasema, "Ile si ya kusomwa." Akasema, "Nimeshaisoma mara mbili." Nikaanza kulia palepale na vazi la kulalia, nikamwambia sitaivua, nimekuapia, hata timu nzima ya Missouri ikija kupiga magoti mlangoni sitaivua. Yeye akanitazama, akaanza kucheka, Shangazi! Akacheka mpaka akajipaka unga usoni. "Signe, nimechonga mipini mitatu nikimtafuta adui, kumbe adui nimemvalisha mwenyewe mbele ya mchungaji!"

Nikasema, "Usiniombe niivue."

Akasema, "Nani kakuomba? Lete mkono. Na lete rangi yako ya midomo."

Akaipaka pete ile rangi nyekundu pande zote, akanipa bastola yake, akasema, "Shika kama unapiga." Nikashika. "Bana." Nikabana. "Achia." Alipotazama mpini, palikuwa na alama nyekundu kwenye ukingo wa mbao, mstari mdogo uliopinda kama kucha. Akauonyesha kwa kidole. Halafu akasema polepole, "Mbao ndiyo itakayosogea. Siyo wewe." Nilipata baridi mwili mzima, ya raha.

Alikata mfereji mdogo kwa tupa ya mviringo, upana wa pete na nywele moja zaidi, akausugua kwa msasa laini mpaka ukang'aa. Nikashika, nikafumba macho, nikavuta pumzi mbili, nikafumbua. Katikati! Kilengeo kimekaa katikati kama yai kwenye kikombe! Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Ilichukua siku kadhaa mkono kuamini kwamba hautapigwa tena. Jana nimepata 853.

Sasa ombi langu. 853 haitoshi. Bastola ya Wendell ni nzuri, lakini kifyatuo chako kile cha bua kavu na kile kichwa kizito kinachotulia ndivyo vitakavyonipa alama kumi zilizobaki, yeye mwenyewe anasema hivyo bila wivu. Lakini kwenye yako pete inagonga mbao zako. Zile za miaka kumi na moja.

Nilimwambia Wendell, "Kata tu, Shangazi yuko mbali." Akaweka tupa chini. "Sikati mbao ya mtu kabla mwenyewe hajasema." Na amekataa mpaka leo. Hataki kuchonga mbao mpya pia, amesema umbo lile la mashoto hajawahi kuona mfano wake na hawezi kuliiga.

Nimekupigia simu mara nne, unaiacha inalia. Nijibu, tafadhali. Mashindano ni tarehe kumi na nne Juni.

Akupendaye, hata nikiwa na hasira,
Signe


Decorah, Iowa
27 Mei 1986

Signe,

Nilikuwa hospitali. Baba yako nilimkataza kusema. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, ametolewa, na wiki nyingi sikuruhusiwa kusoma wala kuandika wala kuinama kukamua. La kulia nalo lina ukungu, lakini hilo halijawahi kunifanyia kazi yoyote. Barua yako nimeisoma jana kwa mara ya kwanza, mwenyewe, kwa sababu sikutaka kusomewa.

Niliwahi kuvaa pete ya uchumba. Ilikuwa mwaka wa 1949, na mtu mwenyewe aliitwa Halden, alikuwa na shamba ng'ambo ya mto. Mwezi wa mashindano risasi zangu zilianza kwenda chini kulia. Nikagundua sababu upesi, mimi si mjinga. Nikavua, nikaitia kwenye sanduku la risasi. Nilifanya hivyo kila Jumamosi. Kisha kila Jumamosi na Jumatano. Siku moja akanikuta dukani bila pete, haikuwa siku ya kupiga, nilikuwa nimesahau tu. Niliingia timu ya Iowa. Yeye alioa mwingine mwaka uliofuata.

Ng'ombe hawakunizuia kuja harusini kwako. Nilikuwa nimeshafunga na mkoba.

Nimekaa na barua yako tangu jana. Miaka thelathini na saba, Signe, na mbao ile nimeichonga mwenyewe kwa mikono yangu, nikitoa unga hapa na pale kwa ajili ya kidole gumba, kwa ajili ya kiganja, kwa ajili ya jasho la Julai. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba mbao ndiyo ingekatwa.

Mwambie fundi wako akate. Atumie tupa, asiweke mashine. Afuate mshipa wa mbao, unapanda kuelekea kidole gumba. Na mwambie mimi nimesema ni fundi.

Shangazi yako,
Marlys


Ellery, Missouri
15 Juni 1986

Shangazi yangu, Shangazi yangu, Shangazi yangu!

Kaa kitako kwanza. Jicho haliumi? Hujambo? Baba hajambo? Haya, salamu zimekwisha.

Barua yako ilifika tarehe mbili. Niliisomea jikoni, nikamsomea Wendell yote, pamoja na habari za Halden. Sitasema zaidi kwa sababu najua hupendi. Wendell alinawa mikono kama daktari, akakata mbao zako asubuhi nzima, akipiga tupa mara tatu na kupuliza, mara tatu na kupuliza. Ulipokwisha, mfereji ulikuwa umefuata mshipa wa mbao kama uliota hapo.

Jana nimetoka nyumbani na pete yangu kidoleni, bastola yako sandukuni, na mume wangu pembeni akiendesha gari maili thelathini na tano kwa saa kana kwamba amebeba mayai.

Walipima kifyatuo kwanza. Lazima kiinue uzito wa ratili tatu na nusu bila kuachia. Kilishika. Mpimaji akatazama mpini, akatia kidole kwenye mfereji. "Hiki nini?" "Njia ya pete," nikasema. Akamwita mwenzake. Wakafungua kitabu cha sheria wakasoma ukurasa mzima kwa midomo, wakarudi. "Hakuna sheria inayokataza ndoa." Nikapita.

Asubuhi, yadi hamsini, dakika kumi kwa risasi kumi. Upepo mdogo kutoka kushoto. Nilipiga 95, 96, 95. Mkono wangu ulikuwa umelala, Shangazi. Kila teke lilikuja likaenda, hakuna kilichonigonga, na kile kifyatuo kikaachia kila mara kabla sijajua. Mchana tukasogea yadi ishirini na tano. Baada ya shabaha nane walibandika alama ubaoni. Watatu wa juu walikuwa mbali, hao hawashikiki. Wa nne walikuwa wawili, mimi 770 na Lonnie Struthers 770.

Imebaki shabaha moja. Risasi tano kwa sekunde kumi, halafu tano nyingine kwa sekunde kumi. Na bahati ilivyo na utani, mimi nilikuwa namba kumi na saba, yeye kumi na nane, bega kwa bega.

Akaniambia bila kunitazama, "Sasa, Bi Harusi, keki ile ndiyo tunaikata."

Nikamwambia, "Leta sahani yako, Lonnie."

Msimamizi akaita, "Tayari kulia? Tayari kushoto?" Nikanyosha mkono. Shabaha zikageuka kututazama. Moja, mbili, tatu, nne, tano, hata sikuhesabu, kilengeo kilikuwa kinarudi chenyewe katikati kama mtoto anayerudi nyumbani. Nikaweka risasi tano nyingine. Zikageuka tena. Moja, mbili, tatu. Hapo nikasikia bastola ya Lonnie inapiga kwa haraka, na zamani ningemkimbiza. Nikamwacha aende. Nne. Tano. Shabaha zikafichwa papo hapo moshi wangu wa mwisho ulipokuwa unatoka.

Tukatembea kwenda kwenye shabaha. Ni yadi ishirini na tano tu, nimeshatembea safari ndefu kuliko hiyo nikaziona fupi. Lonnie ana 97. Ni alama nzuri, mtu hushinda nayo. Mwandishi wa alama akaja kwangu, akainama, akavaa miwani, akaivua, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Matundu tisa yalikuwa kwenye kumi. Moja lilikuwa kwenye tisa, juu, Shangazi, juu katikati, si chini kulia!

99. Jumla 869. Wa nne. Nimo!

Wendell alikuwa nyuma ya uzio. Alijaribu kuruka uzio, mguu ukanasa, akaanguka kwa mikono na magoti upande wa pili, akaja akikimbia na nyasi mdomoni. Alinibeba juu na vifuniko vya masikio bado vichwani mwetu, tukawa tunapigiana kelele na hakuna anayemsikia mwenzake. Alisema, nimeona kwa midomo yake, "Mke wangu! Mke wangu!" kama vile ndiyo kwanza ameambiwa.

Lonnie alikuja baadaye, kofia mkononi. Akasema, "Nilisema ndoa imekulegeza mkono." Nikasema, "Ulisema." Akasema, "Basi mimi nina mke miaka ishirini na sita na hajanisaidia alama hata moja." Akaomba kuishika bastola. Nikampa. Akaigeuza, akaipindua, akajaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto, uso ukamkunjana. "Haishikiki hii!"

"Wala mimi," nikamwambia.

Tunaondoka kwenda Ohio tarehe ishirini na sita Julai. Jaketi la timu wamenipa la mwanamume, linafika magotini, na sikubali lipunguzwe hata kidogo.

Wako, wenu, wa Missouri,
Signe Tollefson Prather


Decorah, Iowa
22 Juni 1986

Signe mwanangu,

Barua yako aliisoma Baba yako kwa sauti kwenye ngazi za kanisa, nami sikumzuia. Pale pa 99 mchungaji alitoka nje kuuliza kuna nini.

Mimi niliisoma tena nyumbani, kwa jicho langu jipya. Nimeikuta karatasi yako ya shabaha uliyoiweka ndani. Nimeishikilia kwenye dirisha na mwanga umepita katika matundu kumi.

Nimekata tiketi ya basi. Torunn atakamua. Tarehe ishirini na sita nitakuwa Ohio kabla yenu, kwa hiyo mwambie Wendell asiendeshe kama amebeba mayai. Nataka kumshika mkono huyo mtu, na nataka kumwona akishika tupa.

Siku ya mashindano nitakaa nyuma ya mstari, kwenye kiti changu cha kukunja. Ukisimama pale usigeuke kunitafuta. Tazama kilengeo cha mbele, hicho tu. Sheria yao inasema watazamaji wasitoe sauti mpaka mstari ufungwe na bastola zote ziwekwe chini. Niliitii sheria hiyo miaka ishirini na miwili. Sasa nina miaka sitini na nane, Signe, na nimeamua kupiga kelele. Watanifanya nini?

Shangazi yako anayekupenda,
Marlys